Fosfoprotini: protini iliyopachikwa fosfati

Wafugaji wa Dodoma wakiacha maziwa kwenye kibuyu siku mbili tatu, yanaganda. Kinachoganda ni kaseini, na kaseini ni fosfoprotini, yaani protini iliyopachikwa fosfati: fosforasi moja iliyozungukwa na oksijeni nne. Fosfati ina chaji hasi, kalsiamu ina chaji chanya, basi hushikana, na ndiyo sababu maziwa yanabeba kalsiamu nyingi bila kuweka mashapo. Bakteria wakitengeneza asidi, kalsiamu inaachia, chaji hasi zinazimwa, na vitonge vya kaseini vilivyokuwa vikisukumana sasa vinagandamana. Ukitikisa kibuyu utasikia mabonge yakigonga ndani.

Kwenye maziwa fosfati imetulia tu. Ndani ya seli huwekwa na kutolewa. Kimeng'enya kiitwacho kinasi huchukua fosfati kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuipachika kwenye protini, mara nyingi kwenye asidi amino (vipande vinavyounda protini) ziitwazo serini, threonini au tirosini. Kingine, fosfatasi, huing'oa. Chaji mpya huvuta huku na kusukuma kule, umbo la protini linabadilika, na kazi yake inaanza au inasimama. Walimu huifananisha na swichi ya taa. Sawa, ila hii kila ukiiwasha unalipa ATP moja.

Tuseme mbwa amekukurupusha usiku mtaani Nkuhungu, Dodoma. Adrenalini inamwagika, kinasi moja inaamsha nyingine, na mwishowe fosfati moja inapachikwa kwenye serini iliyo nafasi ya 14 ya fosforilasi ya msuli, protini yenye asidi amino zaidi ya 800. Hapo fosforilasi inaanza kuvunja glaikojeni, akiba ya sukari ya msuli, ili miguu ipate nguvu. Amri hiyo hiyo inapachika fosfati kwenye kimeng'enya kinachojenga glaikojeni, na hicho kinazimika. Kwa hiyo fosfati si lazima iwashe. Wanabiokemia Edmond Fischer na Edwin Krebs waligundua mtindo huu wakichunguza fosforilasi hiyo mjini Seattle miaka ya 1950, wakapewa Nobel mwaka 1992.

Shida huja kinasi ikikwama. Katika aina moja ya saratani ya damu, kromosomu mbili hubadilishana vipande na kuzaa kinasi isiyojua kuzimika, na seli nyeupe zinaongezeka ovyo. Dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hujibana pale ATP inapokaa, na kinasi inakosa fosfati ya kupachika.