Maumivu ya chembe: kabla hujasema ni vidonda vya tumbo

Mtu akiingia kliniki akaniambia "dokta nina vidonda vya tumbo", swali langu la kwanza huwa moja tu: nani kakwambia? Majibu yanafanana sana. Alipima damu mahali akaambiwa ana H. pylori, yule bakteria wa tumboni, au jirani yake alikuwa na dalili hizohizo, au ameteseka miaka kwahiyo anajijua mwenyewe. Afu anafungua mfuko wa kaki anamwaga dawa mezani, omeprazoli ya kupunguza tindikali, magnesiamu za kutafuna, kichupa cha unga wa mitishamba, na humohumo katikati unakuta diklofenaki, dawa ya maumivu ya mgongo, ambayo anameza karibu kila siku. Mi huwa naichukua ile diklofenaki naisogeza pembeni peke yake, ndo tunaanzia hapo.

Eneo ninaloongelea ni kuanzia chini ya mbavu kushuka mpaka karibu na kitovu, pale katikati ndo chembe ya moyo. Shida ya hili eneo ni kwamba limejaa vitu. Kuna tumbo lenyewe la chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba, kulia kuna ini na mfuko wa nyongo, kushoto bandama, kongosho limelala nyuma kabisa karibu na uti wa mgongo, na ukivuka ule msuli wa kupumulia tu unakutana na moyo na mapafu. Na viungo vya ndani havijui kusema vinaumia wapi hasa. Ngozi ikichomwa mwiba unajua ni hapa, ila tumbo, nyongo au kongosho likiumia ubongo unapata taarifa ya jumla tu kwamba huku juu katikati kuna tatizo. Ndo maana magonjwa tofauti kabisa yanauma sehemu moja, na ndo maana nakuuliza maswali mengi kabla sijakugusa: lilianza ghafla au polepole, linaenda wapi, linakuja saa ngapi, nini kinalituliza. Pia nakuomba unionyeshe kwa mkono. Mwenye kidonda mara nyingi anaweka kidole kimoja pale kwenye chembe, wa nyongo anapitisha kiganja chini ya mbavu za kulia kuelekea mgongoni, wa moyo anaweza kukunja ngumi akaiweka kifuani au hapo juu ya chembe. Siyo sheria, ila inasaidia sana.

Tuanze na vidonda wenyewe maana najua ndo mmekuja kusoma. Kidonda cha mwanzo wa utumbo mwembamba kina tabia ya kuuma ukiwa na njaa na usiku wa manane, unaamka saa saba saa nane, unakula kitu unatulia. Kile cha kwenye tumbo la chakula mara nyingi kinachokozwa na kula. Hivyo ndivyo vitabu vinasema, na kliniki watu wengi hawafuati vitabu, kwahiyo usijipime kwa hiyo peke yake. Visababishi vikubwa ni viwili, bakteria wa H. pylori na dawa za maumivu. Pilipili, mawazo na kuchelewa kula vinaweza kukuchokoza mpaka ukakosa raha ila siyo hivyo vinavyochimba kidonda.

Huyu H. pylori walioweza kumuotesha maabara ni Barry Marshall na Robin Warren kule Perth, Australia, mwaka 1982, na kwa vile watu waliwabishia, mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe mchanganyiko wenye bakteria. Akaumwa tumbo likavimba kwa ndani, akatapika, lakini hakupata kidonda! Baadae wakapewa tuzo ya Nobeli, 2005. Hiyo habari naipenda kwa sababu inaonyesha kitu ambacho wagonjwa wangu hawaambiwi: kuwa na bakteria siyo sawa na kuwa na kidonda. Huku kwetu watu wazima wengi tu wanaye na wanaishi naye bila shida yoyote. Kwahiyo karatasi iliyoandikwa "chanya" haijathibitisha kwamba yeye ndo anakuuma.

Na hicho kipimo cha damu kina ishu nyingine, kinaangalia kinga ambayo mwili ulitengeneza, na ile kinga inaweza kubaki kwenye damu miezi mpaka miaka hata kama ulishapona. Unakutana na mtu katumia dawa mara tatu nne, kila akipima damu chanya, anapewa tena. Kipimo cha maana ni cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe, au cha kupuliza pumzi kama kipo. Uwe umeacha omeprazoli na ndugu zake wiki 2 kabla, na antibayotiki wiki 4 kabla, la sivyo bakteria anajificha unapata hasi ya uongo. Ukishatibiwa subiri angalau wiki 4 ndo urudie. Na ile dozi ya siku 14 imalize jamani, nusu dozi ndo inafundisha bakteria kuzoea dawa.

Dawa za maumivu sasa. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, meloksikamu, zote zinapunguza ule ute unaolinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali, na hata ukichomwa sindano badala ya kumeza bado zinafanya hivyo maana zinapita kwenye damu. Watu wa mgongo na magoti wanazimeza kama karanga na hawazihesabu kama dawa, ukimuuliza unatumia dawa gani anataja za presha tu. Kibaya zaidi hivi vidonda vya dawa vinaweza visiume kabisa, dalili ya kwanza ikawa kutapika damu au kujisaidia choo cheusi kinachonata kama lami. (Ukiwa unameza vidonge vya kuongeza damu, choo nacho kinakuwa cheusi, hapo usipaniki, tuambie tu.)

Nyongo. Hii naiona inachanganywa na vidonda kila siku. Mtu kala chipsi na kuku wa kukaanga jioni, usiku inamshika chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe, inapanda mpaka kwenye bega la kulia kwa nyuma, nusu saa, saa kadhaa, afu inaondoka yenyewe kama hakuna kilichotokea mpaka siku nyingine. Ukisikia stori hiyo nataka ultrasaundi, siyo omeprazoli. Mawe kwenye mfuko wa nyongo yanawapata zaidi wanawake, hasa waliozaa na wenye uzito mkubwa, ila hapa Tanzania kuna kundi lingine tusilisahau, wenye selimundu. Seli zao nyekundu zinavunjika haraka, ile rangi inayotoka inajikusanya kwenye nyongo inakuwa mawe, kwahiyo usishangae kijana wa sekondari kukutwa nayo. Yakiambatana na homa, kutetemeka na macho ya njano hiyo ni dharura, usisubiri asubuhi.

Kuna ile video inazunguka ya kunywa mafuta ya zeituni na limao usiku "kusafisha nyongo", asubuhi unatoa vijiwe vya kijani chooni. Ukivipeleka maabara vinakutwa ni sabuni, yaani yale mafuta uliyokunywa yakiungana na vitu vya tumboni. Mawe yako bado yapo palepale.

Kongosho likivimba maumivu yake mgonjwa hasahau. Yanakita kwenye chembe yanatoboa mpaka mgongoni, anatapika bila kupata nafuu, akilala chali anaumia zaidi, utamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda ameinama mbele amekumbatia mto. Sababu kubwa ni mawe ya nyongo na pombe. Viroba, zile pombe kali za kwenye vipakiti, vilipigwa marufuku 2017 lakini pombe kali ipo tu, na mtu hahitaji kuwa mlevi wa kuokotwa mtaroni. Huyu ni wa kulazwa, dripu, na kupima kimeng'enya cha laipesi kwenye damu.

Upande wa kushoto sasa, na hapa naongea na watu wa Mwanza, Mara, Geita, Simiyu, visiwani Ukerewe. Mtu anakuja analalamika uzito na maumivu chini ya mbavu za kushoto, anashiba haraka, nikimlaza nakuta bandama imeshuka naishika kwa mkono. Malaria za kujirudia zinaweza kufanya hivyo, ila kanda ya ziwa kitu cha kukiwaza mapema ni kichocho cha tumbo. Minyoo inaingia kupitia ngozi ukiwa ziwani, unavua, unafua, unachota maji, unaogelea, inaenda kukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na mayai yake yanapelekwa kwenye ini yanaacha makovu. Damu inayotakiwa kupita kwenye ini inakwama, presha inarudi nyuma, bandama inavimba na mishipa ya koo la chakula inatuna. Siku moja ule mshipa unapasuka na mtu anatapika damu beseni zima, na nyumbani wanasema vidonda vimepasuka, wanampa maziwa! Prazikwanteli inaua minyoo, na ikitolewa mapema inaokoa ini, makovu yakishakomaa ni habari nyingine. Ukiwa umekulia ziwani mwambie daktari hata kama saizi unaishi Dar miaka mingi, maana yeye hawezi kukuona usoni kwamba ulikuwa mvuvi.

Moyo unaniogopesha kuliko vyote hivi. Mshtuko wa moyo, hasa ule unaogusa sehemu ya chini ya moyo, unaweza kuja kama maumivu ya chembe na kichefuchefu tu, bila ile drama ya kushika kifua. Wenye kisukari, wazee na wanawake ndo wanaongoza kuja hivi. Kwahiyo baba wa miaka 55 mwenye presha, anatoka jasho la baridi, anasema "gesi imenibana", huyo asipewe magnesiamu akaambiwa akapumzike. Apelekwe hospitali apimwe umeme wa moyo, na akifika kile kipimo kinatakiwa kifanyike ndani ya dakika 10. Hakiumi, ni waya tu wanakubandika kifuani.

Mama mjamzito, mimba ikishapita wiki 20, maumivu mapya chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe ni presha kwanza kupimwa, kiungulia baadae. Ikiwa 140/90 au zaidi, au kichwa kinauma na macho yanaona maruweruwe, aende palepale, ini linaweza kuwa limeshaingia kwenye ile shida ya kifafa cha mimba. Na mtoto mdogo anayesema tumbo linauma huku ana homa na anapumua haraka, mvueni shati muangalie mbavu, nimonia ya chini ya pafu inauma tumboni. Mwenye kisukari anayetapika na kuumwa tumbo apimwe sukari hapohapo. Mkanda wa jeshi nao unaweza kuchoma upande mmoja siku kadhaa kabla malengelenge hayajatoka, mtu kashameza omeprazoli paketi nzima.

Kamera ya tumbo, endoskopi, siyo kila mtu anaihitaji. Ila ukiwa unapungua uzito bila kujua sababu, chakula kinakwama kooni, unatapika mara kwa mara, damu imeshuka, umejisaidia cheusi, au maumivu yameanza tu na umri umeshaenda, hapo siongei sana nakuandikia. Saratani ya koo la chakula iko juu sana ukanda huu wa mashariki mwa Afrika, na wengi wanafika wanameza uji tu. Maumivu ya ghafla yaliyofanya tumbo lote likakamae halibonyezeki ni ya upasuaji, kamera haihusiki hapo.

Na kwa wengi sana kamera inaonyesha tumbo safi. Watu wanakasirika! Wanaona nimewaambia wanajifanyisha. Hapana, maumivu ni ya kweli, ni tumbo ambalo mishipa yake ya fahamu imekuwa nyepesi kuhisi na linachelewa kusukuma chakula, na lina matibabu yake: dawa ya tindikali kwa wiki kadhaa, kumtibu H. pylori kama kipimo cha choo kimemkuta, wengine dawa ya kutuliza mishipa ya fahamu kwa dozi ndogo usiku, milo midogo midogo. Kujiandaa na kamera, usile chochote kwa muda wa masaa 6 mpaka 8 kabla, njoo na mtu wa kukurudisha maana ukipewa ya usingizi huendeshi bodaboda wala gari siku hiyo, na ule mfuko wa kaki njoo nao na kila kilichomo, hata kama ni mitishamba ya bibi, sitagomba.