Majani manene kwenye ua wa jua kali Tanga: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wanaotaka kufunika ua kwa mimea tambazi ya majani manene huanzia kwenye video. Wanaona nyumba ya California, mawe meupe, majani yametanda ardhi nzima, hakuna mpira wa maji wala fyekeo, na wanajiambia: jua si tunalo la kumwaga? Wananunua miche Januari, wanapanda, inashika vizuri. Mei ikifika imeoza. Baada ya hapo kila mtu mtaani ana maelezo yake, kuanzia Raskazone hadi Mikanjuni. Mengine ni uongo mtupu, mengine yana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayopoteza watu.

"Tanga ni kukavu, mmea wa jangwani utafaa"

Hili ndilo mama wa makosa yote. Ukavu tunaoujua sisi ni wa msimu. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, mchanga unachoma nyayo na majani ya mpapai yananyauka mchana kweupe. Lakini kwa mwaka mzima Tanga hupata mvua inayopita milimita 1,000, na sehemu kubwa humwagika kwenye masika, Machi hadi Mei. Los Angeles, huko California, haifikishi hata nusu ya hiyo, na mvua yao huja wakati wa baridi. Yetu huja hewa ikiwa bado moto na imejaa unyevu. Mizizi ikikaa ndani ya maji ya vuguvugu hukosa hewa, ukungu unaingia, shina linalainika kutokea chini. Mwenye bustani akiona majani yanalegea anadhani ni kiu, anaongeza maji.

Kwa hiyo adui wa bustani ya namna hii hapa ni masika. Kaskazi ina makali yake, lakini mmea uliokwisha kushika mizizi huivuka.

Hata mkonge unathibitisha hilo. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipouleta mwaka 1893 aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na 62 tu ndivyo vilivyofika vikiwa hai. Kutokana na hivyo mkonge ulienea hadi ukayajaza mashamba ya Muheza na Korogwe. Ni mmea wa majani manene usiojali jua, lakini mkulima yeyote wa mkonge atakwambia usiupande penye maji yanayotuama.

Kabla ya kununua hata mche mmoja, chimba shimo la kina cha sentimita 30 hivi. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha jaza tena. Yakinywewa upesi hiyo mara ya pili, panda hapo hapo. Yakiwa bado yamesimama baada ya saa kadhaa, inua tuta: udongo uliochanganywa na mchanga mwingi na kokoto, au vipande vya matumbawe vilivyobaki kwenye ujenzi, kimo cha sentimita 20 au zaidi, na uliache lichuruze kuelekea kwenye mfereji. Na tafadhali usitandaze nailoni chini ya mchanga kwa ajili ya kuzuia magugu. Utakuwa umejenga beseni, na mmea wako ndio utakaoloweka.

"Haitaki maji kabisa"

Ikishashika, karibu ni kweli. Mimea mingi ya aina hii ina ujanja wake: mchana hufunga stomata, vile vitundu vya jani vya kupitishia hewa, na huvifungua usiku kukiwa na ubaridi. Hewa ya kaboni inayoingia usiku huhifadhiwa kama asidi hadi jua litoke. Mwaka 1813 Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa India, alieleza kwamba majani ya mmea mmoja wa jamii hii yalikuwa na ukali wa asidi asubuhi, na jioni ukali umetoweka. Potulaka, zile za maua ya rangi rangi, nazo zina uwezo wa kugeukia njia hiyo maji yakiadimika.

Lakini kipandikizi hakina mizizi, kwa hiyo ujanja huo haukisaidii sana. Kata pingili za sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, ziweke kivulini siku moja kidonda kikauke, kisha zichomeke kwa kuachana sentimita 15 au 20, kifundo kimoja au viwili vikiwa ndani ya udongo. Mwagilia kidogo kila baada ya siku mbili tatu mpaka uone majani mapya. Wakati mzuri ni masika yanapoishia, kuelekea Juni. Udongo bado una unyevu, kusi inapoza hewa, na kaskazi itakapofika mizizi imeshajipanga. Anayepanda Januari anajitafutia kazi ya ndoo. Kuku nao wafungie mwanzoni. Pingili isiyo na mizizi wanaichakura kwa dakika moja.

Samadi? Kiganja kimoja kwenye shimo, basi. Ukiijaza mmea unarefuka, unakuwa laini, na konokono wa masika watakushukuru.

"Mboga pwani haikui bila maji ya chumvi"

Nimesikia mtu akitia chumvi ya jikoni kwenye ndoo ya kumwagilia. Mboga pwani, ambayo wataalamu huiita Sesuvium portulacastrum, huota ufukweni na kandokando ya mikoko kwa sababu inaivumilia chumvi pale ambapo mimea mingine hushindwa. Kuvumilia si kuhitaji. Kwenye udongo wa kawaida, maji matamu, jua la kutosha, inaota bila tabu. Shina lake jekundu hutambaa, na kila kifundo kinachogusa mchanga hutoa mizizi, kwa hiyo hata katikati kukifa, pembeni kunaendelea. Ua lake ni dogo, la rangi ya waridi, halina makuu.

Kwangu mimi huo ndio mmea wa kwanza kufikiria kwa Tanga na pwani yote, kabla ya chochote kilichosafiri kwa ndege. Umeshazoea kaskazi, umeshazoea masika, umeshazoea upepo wa chumvi unaounguza maua ya watu Raskazone. Ila usiung'oe ufukweni kwa jembe. Mboga pwani na mlakasa ndivyo vinavyoshika mchanga usichukuliwe na bahari. Kata pingili chache hapa na pale, mama mmea abaki.

Carpobrotus edulis, mmea wa vidole vinene unaoonekana kwenye zile video, ni wa Afrika Kusini, upande wa Cape, kwenye mvua za baridi na kiangazi kikavu. Kalenda yake na yetu hazipatani. California waliupanda kushika udongo kando ya reli na barabara, na leo wanauhesabu kuwa mmea vamizi unaosonga mimea ya asili. Sedum nyingi za Ulaya, mimea mingine ya majani manene, nazo zimezoea baridi. Muuza miche akikuapia kwamba inastahimili hali zote, muulize kama aliwahi kuiona mwezi wa Mei.

"Ukipanda hii, palizi imekwisha"

Imekwisha baada ya mimea kufunga ardhi kama zulia. Kabla ya hapo, kwa miezi kadhaa, utapalilia kuliko mwenye ua mtupu, tena kwa mkono, maana jembe litakata vikonyo. Na ndago haisikii la zulia. Inatoboa katikati ya majani, na ukiing'oa juu juu kile kiazi chake kinabaki chini na kuchipua upya. Anza kwa kuchimbua ndago vizuri, viazi vyote, ndipo upande.

Zulia lenyewe halikanyagiki kama ukoka. Majani yamejaa maji, yakikanyagwa yanapasuka. Penye njia weka mawe bapa.

"Utaleta nyoka na mbu"

"Mwanangu, majani mlangoni utaniletea nyoka." Bibi anayesema hivi, na ua wake umefagiwa kwa fagio la chelewa mpaka umebaki mistari, hana ujinga. Ua mtupu unakuonyesha kinachopita. Lakini nyoka hafuati jani, anafuata panya, chura na mjusi, na anapenda maficho: rundo la matofali, mbao, nyasi ndefu. Zulia la kimo cha kiganja halimfichi kama rundo la matofali, ingawa haliwezi kukuhakikishia usalama. Mimi naona bibi na mpenda mimea wote wawili wanaweza kuridhika: acha ukanda wa mita moja kuzunguka ukuta na mlango, ufagiwe kama kawaida, mimea ianzie hapo kwenda nje.

Mbu hutaga kwenye maji, yale ya madumu, matairi na vifuu vya nazi vilivyotupwa nyuma ya jiko. Hupumzika kwenye majani yenye kivuli, hilo ni kweli, ila kitanda kifupi kinachopigwa jua kutwa hakina kivuli cha maana.

"Kila chenye majani manene kinaliwa"

Mboga pwani huliwa, na tako la hasani, ndugu ya potulaka aotaye mwenyewe, ni mboga kwelikweli. Ila kati ya tako la hasani hutambaa vijimimea vya jamii ya mnyaa vinavyofanana nalo ukiangalia kwa haraka. Vunja kikonyo. Kikitoa utomvu mweupe kama maziwa, tupa na unawe mikono kabla hujagusa jicho, maana utomvu wa jamii hiyo huunguza. Tako la hasani hutoa maji yasiyo na rangi, na shina lake ni nono, laini, halina manyoya.

"Usiokufa ndio mzuri"

Upo mmea wa Madagaska, Bryophyllum delagoense, wenye majani kama vijiti vya madoadoa, na kila ncha hubeba vitoto vinavyodondoka na kuota vyenyewe. Unapendwa kwa sababu hauhitaji matunzo. Australia na Afrika Kusini umekuwa gugu, na ng'ombe wakiula hudhurika moyo. Mpungate ulioachwa uenee Laikipia, Kenya, umeharibu malisho kwa njia hiyo hiyo. Kama unao huo wa Madagaska, usitupe mabaki yake mferejini wala kwenye kiwanja cha jirani. Yatandaze juu ya bati penye jua mpaka yakauke kabisa, kisha yachome, na vitoto vilivyodondoka viokote kimoja kimoja kabla ya mvua.