"Kijana wetu anajua Kiswahili, mwakani atamaliza": dhana potofu kuhusu kutafsiri Biblia kwa Kibena

"Anajua Kibena, anajua Kiswahili. Mpe Biblia ya Kiswahili aigeuze, mwakani tuizindue." Wachungaji wangu wa Njombe, nawaheshimu, ila hili limenichosha.

Biblia ya Kiswahili ya 1952 nayo ni tafsiri. Ukiifuata neno kwa neno unapata Kiswahili chenye matamshi ya Kibena. Fungua Luka 24, safari ya Emau. Luka anasimulia mambo ya zamani. Ndani yake wale wasafiri wawili wanataja kusulubiwa, na hiyo ni siku ya tatu, kisha wanawake waliokwenda kaburini asubuhi ileile. Kiswahili kinaweka -li- au -ka-, kinapita. Kibena hakikuachii: kitenzi lazima kionyeshe kama jambo ni la leo, la juzi au la zamani. Ukikosea, msikilizaji anaelewa kwamba wanawake wale walikwenda kaburini miaka mingi iliyopita. Anayegeuza Kiswahili tu hajui hata kama hapo pana swali. Anayelijua atasoma muktadha, atamuuliza mshauri aliyesoma Kigiriki, na atabishana na wenzake mpaka jioni.

Ndiyo maana tunafanya kazi kwa timu. Rasimu ya mtafsiri hupitiwa na wenzake, husomwa vijijini, hurudishwa kwa Kiswahili na mtu ambaye hakuiandika ili mshauri aone maana iliyobaki, kisha hurekebishwa tena. Agano Jipya lina vitabu 27, na kila kimoja hupita huko.

Watafsiri hunicheka kwa ushauri huu, nami siuachi: soma sura, funga Biblia ya Kiswahili, msimulie kwa Kibena bibi ambaye hajaizoea, halafu nyamaza akusimulie yeye. Mzee wa kanisa msimtumie. Mistari anaijua kwa moyo, kwa hiyo palipokosewa atapajaza mwenyewe na kusema ni pazuri.

Dhana potofu nyingine nazijibu haraka. "Mzungu ndiye anayetafsiri." Wanaoandika ni Wabena, mgeni akiwepo hushauri na kuuliza maswali. "Paratext itafanya." Programu hiyo hupanga matini sambamba na kukagua kama majina yameandikwa sawasawa; sentensi unatunga wewe. "Siku hizi kila mtu anajua Kiswahili." Sokoni, ndiyo. Msibani je, mnaomboleza kwa lugha gani? "Kilugha hakina msamiati." Kaa kwenye kikao cha wazee wakisuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, halafu uniambie tena.