Bahari haisomwi kwa mvua ya Moshi

Sisi wa Moshi hupanga mambo yetu kwa mvua. Masika yakija tunapanda, na ifikapo Juni, mawingu yanapoufunika mlima na baridi kuingia, wengi hujisemea kwamba huko pwani sasa ni kukavu na kwamba huo ndio wakati wa kuteremka Tanga au Pangani kuvua. Dhana nyingi potofu kuhusu uvuvi wa baharini ninazozisikia hapa mjini huanzia kwenye hesabu hiyo.

Dhana: Mvua zikikatika, bahari hutulia.
Bahari hutawaliwa na pepo. Kusi huanza kuvuma karibu Aprili na hukaza kati ya Juni na Agosti, hivyo anga inaweza kuwa nyeupe bila wingu huku ngalawa zimelala mchangani, kwa kuwa nje ya miamba mawimbi hayampi nahodha wa chombo kidogo nafasi. Maleleji ya Oktoba na Novemba, yaani kipindi cha utulivu pepo zinapobadilishana, kisha kaskazi inayovuma hadi Machi, ndiyo kwa kawaida huwafungulia wavuvi njia ya kufuata jodari, nguru na nduaro katika mkondo wa Pemba. Kaskazi nayo ina siku zake za ukali. Asiamini mtu kwamba Januari nzima ni shwari.

Dhana: Wakati wa kusi samaki huhama.
Wapo wanaosogea kufuata chakula na joto la maji, lakini changu na tasi hubaki ndani ya miamba, ambako wavuvi huwatega kwa madema. Kinachopungua zaidi ni vyombo vinavyoweza kufika bahari kuu, na ndiyo maana nguru huadimika hata huku kwetu.

Dhana: Mbalamwezi huleta dagaa wengi.
Ni kinyume chake. Dagaa wa baharini huvuliwa usiku kwa taa, nao hukusanyika chini ya mwanga kwa sababu pande zote ni giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa hupoteza mvuto wake na vyombo vingi hupumzika. Tena, bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, halingoji mwezi mpevu peke yake: hutokea pia mwezi unapoandama, yaani mara mbili kwa mwezi, na kati ya hayo mawili huja maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu.

Dhana: Kufunga miamba ya pweza, yaani kuzuia uvuvi wake hapo kwa muda, ni kumnyima mvuvi riziki.
Pweza hukua upesi na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo miezi michache ya kufunga, kama wanavyofanya baadhi ya wanavijiji wa Pemba, hutosha kuwapata wakubwa zaidi siku ya kufungua.

Dhana: Samaki wa barafu ni samaki wa zamani, na aliyeanza kuharibika huponywa kwa ndimu, pilipili na moto mkali.
Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, hasa katika miezi ya joto. Kutoka Tanga hadi hapa, kupitia Korogwe, Mombo na Same, ni takriban kilomita 350. Jodari, nguru na vibua wakikaa katika joto, bakteria hutengeneza sumu iitwayo histamini ndani ya nyama yao, na ikishatengenezwa haiondolewi kwa kupika, kukaanga, kukausha kwa moshi wala kugandisha. Mlaji huweza kuwashwa mwili, uso ukamwiva na kichwa kikamgonga ndani ya muda mfupi, kisha akalaumu viungo vya mchuzi. Samaki anaweza hata kuonekana na kunukia vizuri huku sumu hiyo ikiwa tayari imo. Barafu iliyowekwa mara tu samaki anapotolewa majini ndiyo kinga yenyewe, wala si dalili ya uchakavu.

Kwa hiyo nikifika sokoni Mbuyuni, humwomba muuzaji ruhusa na kutia mkono hadi chini ya sanduku. Nikikuta barafu iko juu tu na chini pana maji ya vuguvugu, nguru humwachia mwenyewe, nami naondoka na dagaa wakavu wa Mwanza.