Yule mdudu mweusi kwenye sukuma wiki mwacheni

Jana jioni nimetumiwa picha nyingine, ya nne mwezi huu, na swali lilelile: "Bwana shamba, mdudu huyu anamaliza sukuma yangu, nipulizie dawa gani?" Kwenye picha kuna jani lililojikunja, limejaa vidukari wa kijivu, na katikati yao kidudu cheusi kirefu, miguu sita, mabaka ya rangi ya chungwa, umbo la mamba mdogo. Dada aliyeipiga amekizungushia duara jekundu hicho kimoja. Vidukari zaidi ya mia hawakumshtua.

Jamani, huyo ni mtoto wa yule mbawakawa mwekundu wa madoa meusi ambaye watoto wetu humtembeza kiganjani. Akiwa mkubwa mnampenda, akiwa mdogo mnamuua, na kazi yake ni ileile ya kula vidukari. Inaniuma kwa sababu kidukari jike hahitaji dume. Huzaa watoto hai, nao huzaliwa wakiwa na mimba changa tumboni tayari. Pulizia sumu ya kuua kila kitu, wachache waliojificha kwenye mikunjo ya jani wataanza upya siku hiyohiyo. Mlaji wao ni lazima atoke kwenye yai, awe lava, yaani huyo mtoto mweusi, awe bundo aliyetulia bila kula, ndipo apate mbawa. Hana mbio hizo.

Kabla ya kushika bomba, chuchumaa. Asubuhi hii kwenye tuta la mama mkwe nimemtazama mmoja kwa lenzi: alimbana kidukari ubavuni, akamnyanyua miguu ikipapatika, akamla pale pale. Jani hakuligusa. Angalia kinywa kinafanya nini, acha rangi.

Vidukari waliovimba na kukauka rangi ya kaki nao waacheni. Ndani yao hukua nyigu mdogo sana, naye ndiye aliyewaua. Ukiona tundu la duara mgongoni, ameshatoka.

Lakini na wale wanaosema "mwekundu wa madoa ni rafiki" wanapotosha. Kwenye mnavu, nyanya na maboga yuko ndugu yake, Epilakna, na yeye hula majani. Mkubwa wake hang'ai, ana vinyweleo vifupi kama amemwagiwa vumbi. Lava wake ni wa njano mpauko, amejaa miiba yenye matawi, na jani analolikwangua hubaki kama wavu. Hao nawatenganisha hata nikiwa nimesimama.

Mayai ndiyo hunishinda. Ya huyu na ya yule yote ni ya njano, yamesimama wima kwa vikundi chini ya jani. Vitabuni yanaonekana wazi. Bustanini, kwa macho matupu, nimeshayakosea zaidi ya mara moja. Leo nimekuta kikundi kwenye mnavu wa mama mkwe, na vidukari hapo sijawaona, kwa hiyo nina wasiwasi. Sijayaponda. Nimefunga uzi mwekundu kwenye kikonyo, na kwa joto hili yataanguliwa baada ya siku chache. Nitapita kila asubuhi na lenzi, niangalie watakaotoka wana miiba au hawana.