Dikshonari haiandiki hadithi jamani

Juzi tena mzazi kanifuata, baba wa mtoto wa kidato cha tatu, kashika dikshonari mpya bado iko kwenye nailoni, ananiambia, mwalimu, huyu kijana wangu hajui kuandika hadithi za Kiingereza kwa sababu hana misamiati migumu, ndo nimemletea hii. Nikamshukuru maana hela imetoka na hela hapa Dodoma haiokotwi, ila moyoni nilichoka.

Hii ya misamiati migumu ndo inaniua. Kuna kijana anatokea Chamwino alitusimulia darasani, Kiswahili tu, mbuzi wao alivyotumbukia kisimani jua la saa saba na bibi yake akawa anambembeleza yule mbuzi kama mtu huku wengine wanatafuta kamba. Darasa zima kimyaa. Nikamwambia haya kaiandike. Kilichorudi kinaanza na katika dunia hii ya sayansi na teknolojia, mbuzi kawa mnyama afugwaye, bibi hayupo kabisa! Bibi kaenda wapi? Ananijibu madam sikupata neno la kiwango chake. Kiwango gani sasa mwanangu, neno la bibi umelijua tangu shule ya msingi.

Fungua Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe ya 1958. Sentensi ya kwanza inakwambia Okonkwo, mhusika mkuu, alijulikana vijiji vyote tisa na hata nje ya hapo, basi. Anafuata Amalinze, miaka saba hajashindwa mieleka, anaitwa Paka kwa sababu mgongo wake haugusi chini. Hapo kuna neno gani la kumtoa jasho mtoto wa form three? Unaona mgongo, unabaki unasubiri nani atakuja kuugusisha chini.

Mimi nawasimulisha kwanza kwa mdomo, wenzangu ofisini wanacheka eti nageuza pirodi kuwa kijiwe, wacheke. Kiswahili au Kigogo sawa tu, mwenzako anasikiliza, pale anapokuuliza enhe ikawaje weka alama maana ndo penye hadithi, halafu andika kwa Kiingereza ulicho nacho. Hujui neno la kisima? Andika shimo refu lenye maji, msomaji ataelewa. Dikshonari ije mwisho, kukagua spelingi.

Imani nyingine ya uongo ni kwamba hadithi lazima uianze asubuhi, niliamka nikapiga mswaki nikanywa chai, mpaka basi la Mpwapwa liondoke stendi karatasi imeisha. Anza mbuzi akiwa tayari kisimani.

Eti hadithi iwe past tense, wakati uliopita, mwanzo mwisho. Msimulizi sawa, ila mhusika ndani ya alama za usemi anaongea kama watu wanavyoongea, kama anasema kesho nitakuja mwache aje kesho.

Eti literature ni kukariri themes, yaani dhamira, kwenye notsi. Notsi zinakwambia Okonkwo ni mkatili kwa sababu alimuua Ikemefuna, kijana aliyekuwa akimwita baba, full stop. Kitabuni mzee Ezeudu alishamwonya asitie mkono wake, na bado akampiga panga kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Swali likidai uthibitishe kwa matukio hiyo hofu utaitoa wapi kama kitabu hujakifungua?

Na ile "mimi" kwenye shairi sio lazima awe mshairi, mwanaume anaweza kuandika shairi linaloongewa na mama mjane.

Ya kwamba watoto waliotoka English medium ndo wanaoweza hadithi hata sijibu, daftari zao pia nasahihisha mimi.