Maswali na majibu: Tiba kwa anayeishi na mvumo masikioni

Ninasikia mlio ambao wenzangu hawausikii. Unatoka wapi?

Mvumo huu, ambao kitaalamu huitwa tinitasi, humjia mmoja kama mlio wa nyenje, mwingine kama filimbi au birika linalochemka. Mara nyingi huandamana na upungufu wa usikivu: seli laini za sikio la ndani zinapoharibiwa na umri au kelele kali, ubongo hupokea sauti pungufu kuliko ulivyozoea, nao, kwa maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi, hujiongezea usikivu hadi ukaanza kusikia msisimko wa neva zake wenyewe. Mgonjwa hajitungii jambo, na walio karibu naye wamwamini.

Je, ipo dawa ya kuunyamazisha?

Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuondoa mvumo wa kudumu. Hata hivyo, chanzo ni lazima kitafutwe kwanza, kwa kuwa nta iliyoziba sikio hutolewa, maambukizi ya sikio la kati hutibika, na mvumo ulioletwa na dawa kama kwinini, au aspirini ya kipimo kikubwa, mara nyingi hupungua dawa hiyo inapobadilishwa. Uamuzi huo ni wa daktari, na mgonjwa asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Kuhusu virutubisho vinavyouzwa kwa ajili hiyo, yaani ginkgo (dawa ya majani ya mti), zinki na melatonini (homoni ya usingizi), mwongozo wa mwaka 2014 wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani unashauri zisipendekezwe kwa mvumo sugu. Inaniuma kuona mtu aliyekosa usingizi kwa miezi akiuziwa chupa baada ya chupa.

Kama mlio wenyewe hauondoki, tiba inatibu nini?

Inatibu usumbufu wake, na hili si jambo dogo. Ubongo unaweza kujifunza kuuacha mlio upite bila kuushughulikia, kama ngozi isivyohisi tena nguo iliyovaliwa tangu asubuhi.

Njia yenye ushahidi mzito zaidi ni tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mwenendo. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyojumlisha tafiti 28, yalionyesha kwamba huweza kupunguza athari za mvumo katika maisha ya mgonjwa, ingawa haishushi sauti yake. Mfikirie mtu anayeziba masikio kwa vidole mara kadhaa kwa siku ili apime kama mlio umezidi: kila anapopima, anauambia ubongo wake kwamba sauti hiyo ni hatari inayostahili ulinzi. Mtaalamu humsaidia kuitambua tabia hiyo, pamoja na wazo la "sitalala tena maishani" linaloifuata, na kuviachia vyote viwili polepole.

Kwa mwenye upungufu wa usikivu, kifaa cha kusaidia kusikia hurudisha sauti za nje zilizopotea, na mvumo hukosa nafasi ya kutawala. Ndiyo maana kipimo cha usikivu kisirukwe, hata kwa anayeamini kwamba anasikia vizuri.

Mbona usiku huzidi, na nifanyeje?

Kimya huupa nguvu. Washa feni, au sauti ya mvua kutoka kwenye simu, kwa kiwango cha chini kidogo kuliko mvumo wenyewe, ili usikie vyote viwili na ubongo uzoee. Anayetumia sauti kubwa ili kuufunika kabisa huyaongezea masikio mzigo.

Ni lini nisisubiri?

Usikivu ukipotea ghafla, muda wa siku tatu au chini ya hapo, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za steroidi zinazoweza kuokoa usikivu hufaa zaidi zikianzwa mapema. Uharaka ni huo huo kwa mvumo ulioambatana na udhaifu wa uso au kizunguzungu kikali, na kwa mgonjwa aliyefikia kuwaza kujiua, ambaye asiachwe peke yake. Mvumo unaodunda sambamba na moyo, au ulio katika sikio moja tu, nao uchunguzwe na daktari wa masikio.